Sikio Lisilo na Alama

Jaji alimgeuza sungura wa shangazi yangu mara moja tu, akakunjua sikio lake la kushoto, kisha akamrudisha kizimbani bila hata kumpima uzito. Tulikuwa kwenye maonyesho ya kilimo, huko juu milimani ambako sisi watu wa Isiolo huvaa sweta mbili na kulalamika. Shangazi alikuwa amemlea yule dume kwa mwaka mzima.

"Mama, huyu ni mnyama mzuri sana," jaji alisema. "Lakini sikio limekatwa."

"Halijakatwa. Limetiwa alama."

"Kitabu chetu kinasema sikio liwe zima. Likipungua hata kidogo, siwezi kumshindanisha."

Alama yenyewe ilikuwa pengo dogo la pembe tatu, ukingoni mwa sikio. Ni alama ya ukoo wetu. Babu aliwatia ng'ombe wake, baba yangu huwatia ngamia wake huko Merti mpaka leo, na mbuzi wetu akipotelea Kipsing, anayemwokota humshika sikio na kujua ampeleke kwa nani. Shangazi alikuwa amemfanyia sungura kile ambacho kila mtu wa kwetu humfanyia mnyama anayempenda: alichukua wembe akamfanya wake. Tena kwa kuwa alimpenda kuliko wengine wote, alihakikisha pengo linaonekana kutoka mbali.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo, shahada ya takwimu, kazi hakuna. Nikamuuliza jaji ni nani aliyeandika hicho kitabu, na kama aliwahi kumwona mbuzi wa kwetu. Shangazi akanivuta mkono. Yeye alikuwa na swali moja tu.

"Hilo pengo, watoto wake watazaliwa nalo?"

Jaji akacheka, lakini si kwa dharau. "Hapana, mama. Kovu halirithiwi."

"Basi tutaonana mwakani, inshallah."

Sungura walimfikia kwa bahati. Ukame ulipomaliza mbuzi wake alihamia Burat, kwenye shamba dogo la mahindi na nyasi za nepia. Jirani mmoja, mwalimu aliyekuwa anahamishwa, akamwachia sungura watatu wenye masikio ya kulala. Watu waliopita walidhani ni wagonjwa. Shangazi aliyatazama yale masikio yaliyoning'inia mashavuni, na ile pua iliyopinda, akasema, "Hawa nawajua. Ni mbuzi wetu, wamefupishwa miguu tu."

Baba hakumsamehe. Kila alipokuja mjini kuuza ngamia mnadani, alipitia Burat na kusimama nje ya banda, fimbo begani.

"Dada, ukoo mzima unachunga ngamia. Wewe unachunga panya?"

"Panya wangu hawajawahi kunipeleka Kipsing kugombania maji."

Mwaka ule nilikaa kwa shangazi, na kwa kuwa sina uwezo wa kuona kitu bila kukihoji, nilianza kumhoji. Jike lake bora lilizaa watoto saba kutokana na yule dume wa pengo. Jua lilikuwa kali. Shangazi alitundika magunia mabichi pande zote za banda, na adhuhuri aliwawekea chupa za maji yaliyoganda, ambazo alinituma kuzichukua kwenye duka lenye friji. Watoto walizaliwa na masikio madogo ya kawaida. Baadaye yakasimama, kisha yakaanza kulala, mara nyingi moja kwanza, lingine likabaki juu kama antena. Nilinunua tepu ya fundi wa nguo, nikawa nayapima kila Ijumaa na kuandika daftarini.

Shangazi hakuwa na tepu. Alitandika gunia juu ya meza, akamweka sungura, akamkusanyia miguu chini ya mwili, akasubiri atulie. Kisha mkono mmoja ukaanzia shingoni na kushuka mpaka mkiani, polepole.

"Mkono unatakiwa upite kama unapita juu ya bakuli lililopinduliwa," aliniambia. "Ukikutana na bonde, huyo ni wa sufuria."

"Lakini shangazi, nani aliamua kwamba sikio la kulala ni zuri kuliko la kusimama? Watu fulani walikaa tu mahali wakapenda."

"Na nani aliamua ngamia mweupe ni mzuri? Baba yako humlipia zaidi, na maziwa ni yale yale."

"Basi nyote mnakosea."

"Labda. Lakini ukikubali kupima, pima vizuri."

Mimi nilikuwa nimemchagua mmoja mwenye masikio marefu kuliko ndugu zake wote. Namba zangu zilikuwa wazi. Shangazi alimshika mara moja, akanirudishia. "Huyu ana masikio, mwili ukamsahau." Akamchukua dume wa kijivu ambaye daftari langu lilimweka nafasi ya nne. Kichwa chake kilikuwa kipana, na utosini, pale masikio yanapoanzia, palikuwa na kijilima cha manyoya kilichoyashusha yote mawili sawasawa. Miezi miwili baadaye mteule wangu alikuwa na mgongo kama paa la banda. Yule wa kijivu alikuwa amejaa kila upande. Nililifunga daftari kwa siku kadhaa.

Wasiwasi wa shangazi haukuwa kuhusu mgongo, bali kuhusu wembe. Ili yule wa kijivu asimame mbele ya jaji, ilibidi abaki bila alama, na kwa watu wetu kumwacha mnyama bila alama ni kama kumtupa. Mara mbili nilimkuta ameketi mbele ya banda, wembe kiganjani, anamtazama. Mara zote mbili aliurudisha kwenye kopo la sukari.

Kisha baba akaja. Alimtoa yule wa kijivu, akakunjua sikio la kushoto, akakunjua la kulia. Akamgeukia dada yake.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Nani kasema? Mnyama bila alama ni wa yeyote atakayemwokota." Tayari alikuwa ametoa wembe wake mfukoni.

"Mwache."

"Kwa sababu ya kitabu cha watu wa baridi?"

Nikaingilia kati. Nilieleza kwamba kuna watu wanaochanja namba ndani ya sikio kwa sindano na wino, na kitabu kinaruhusu.

"Alama ya kufichwa ni ya mwizi," wakasema wote wawili kwa pamoja, wakatazamana, wakacheka. Lakini wembe wa baba ulibaki wazi.

"Mimi nawajua wangu kwa mkono," shangazi akasema.

"Maneno hayo."

"Nifungeni macho basi."

Sijui kama kuna kitu kingenifurahisha zaidi. Nilikimbia kwa jirani aliyewahi kununua sungura kwa shangazi, nikaazima watatu wa kijivu, wa umri ule ule. Niliwachanganya na watatu wa shangazi na kuandika mpangilio daftarini. Sikumwambia wangapi ni wake. Baba alimfunga leso machoni, akalikaza fundo kwa raha kubwa.

"Kama unaona, sema mapema, tusipoteze wakati."

"Kaza tu. Ulishindwa kunishinda tukiwa watoto, utaniweza sasa?"

Niliwaweka mezani mmoja baada ya mwingine. Aliwashika shingo, mabega, nyonga. Hakuwagusa masikio hata kidogo. "Wangu. Wa jirani. Wa jirani. Wangu." Wote sita, sawa. Nikapiga hesabu kichwani: kwa kubahatisha tu, angefika hapo mara moja katika sitini na nne.

"Haitoshi," nikasema.

"Huyu umemzaa wewe?" shangazi akamuuliza baba.

Nikabadilisha mpangilio, tukarudia. Safari hii alikosea mara moja: jike mmoja wa jirani alimwita wake. Baba alipiga paja kwa furaha. Shangazi akavua leso, akamshika tena yule jike, akasema ana damu ya dume wake wa kwanza na ndiyo maana mgongo ulimdanganya. Huenda ilikuwa kweli, huenda ilikuwa kisingizio. Jirani mwenyewe hakukumbuka. Niliandika kosa moja.

Baba alilitazama daftari langu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama karatasi yoyote.

"Kumi na moja katika kumi na mbili," akasema. "Alama ni kwa ajili ya watu wengine. Mwenyewe anajua." Akaukunja wembe kwenye karatasi yake. "Lakini akiibiwa, usinipigie simu."

Kwenye maonyesho jaji alikuwa yule yule. Shangazi alivaa buibui lake jipya na kusimama mikono nyuma. Jaji alikunjua sikio la kushoto, akapitisha kidole ukingoni kote, akahamia la kulia. Nilimsikia shangazi akitoa pumzi. Jaji akaangalia meno, akahesabu kucha, ndipo mkono wake ukaanza safari kutoka shingoni kwenda mkiani. Alirudia mara tatu, na hakuwa na haraka.

Tulishika nafasi ya pili.

Nilikuwa tayari kuuliza alama zilivyojumlishwa, lakini shangazi alikuwa ameshaondoka pale. Alikwenda kwa mama mmoja wa kule juu aliyeshika utepe wa mshindi.

"Habari, mama. Hongera. Naomba nimshike wako."

Yule mama alisita, kisha akamweka mezani. Shangazi akafumba macho. Mkono wake ulishuka mgongoni, ukarudi, ukasimama mabegani. Uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza habari njema za mtu mwingine.

"Huyu anastahili," akasema. "Akipata watoto, nitarudi kwako kununua mmoja."

Kisha akaushika mkono wangu na kuubonyeza mabegani mwa yule mshindi, akaniongoza kwa wetu wa kijivu na kuubonyeza pale pale.

"Umeona tofauti?"

Nilihisi manyoya, joto, moyo ukidunda haraka. Nilitaka sana kusema ndiyo, lakini sikuhisi tofauti yoyote, nikamwambia hivyo.

"Tena," akasema, akaurudisha mkono wangu kwa yule wa kwanza.