Mlima Mkono wa Kulia

Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini miguu yangu ilisoma. Nikisema naijua njia, naijua. Ni siku moja tu niliyopotea, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, na nilipotea mchana kweupe nikiwa na mama mkwe.

Tulikuwa Timau, kwenye nyumba za vibarua wa shamba la ngano, sisi watu wa Nyeri wachache tuliobakizwa. Mume wangu alikuwa amekamatwa, akapelekwa kambi ya kupasua mawe ya barabara huko chini kwenye ukame. Jioni moja nyapara akaja mlangoni.

"Kesho saa kumi lori linawabeba wafungwa wote wa kambi ya mumeo. Wanakopelekwa hakujulikani."

Akatupa cheti cha kutembea, kutoka kesho hadi kesho kutwa. Akasema, "Teremkeni tu, mlima uwe mgongoni."

Mama mkwe alizaa watoto saba, akabaki na huyo mmoja. Hakulia. Alichukua uji wake wa wimbi uliochachuka vizuri, akajaza kibuyu, akakiziba kwa gunzi.

"Huu ataufungua mwanangu kwa mkono wake. Mtu mwingine akiufungua njiani, ni kama amemfunga yeye huko aliko."

Tulitoka alfajiri na kibuyu hicho. Maji hatukubeba. Mtu wa Nyeri atabebaje maji? Kwetu kila bonde lina mto, unainama, unakunywa, unaendelea. Tulingoja bonde. Mabonde yalikuwepo, lakini ndani yake kulikuwa na mchanga tu.

Na mimi na kiburi changu! Kwetu ukitoka Nyeri kwenda Nanyuki, mlima uko mkono wa kulia. Basi nikauweka mkono wa kulia, nikatembea haraka. Mawe meusi, miiba inashika nguo kama mwenye duka anayekudai. Akala zangu za tairi zilipata moto, nikawa naruka kama kuku.

"Wewe msichana, mbona jua linatupiga machoni tangu asubuhi?"

"Ni jua la huku, mama."

"Ati jua la huku! Kwani wako na jua lao?"

Sikuweza kutulia. Kila mara natazama kivuli changu, kinafupika, natazama tena. Nilikuwa nikihesabu saa kumi kichwani na sina saa. Kila kichuguu nilikiona paa la kambi.

Kivuli kilipofika miguuni, mama mkwe aliketi chini. Hakuanguka, aliketi, kama mtu aliyefika kwake. Midomo imekuwa nyeupe. Nikamwambia ainuke. Akasema, "Nenda na uji. Mwambie nilifika hapa."

Hapo ndipo nilipogeuka nikautazama ule mlima vizuri, nikajua nimefanya nini. Tulikuwa tunauzunguka mlima ubavuni, badala ya kuupa mgongo na kuteremka. Mbali sana, upande wa kushoto, vumbi lilisimama. Vumbi la lori.

Nilikishika kibuyu. Akanishika mkono.

"Usithubutu."

"Mama, huko nitampelekea uji bila mama?"

"Utamfunga!"

"Amefungwa tayari! Kunywa!"

Sijawahi kumpigia mkwe kelele tena maishani. Niling'oa gunzi kwa meno. Uji ulikuwa umechemka kwa jua, ukaturukia usoni wote wawili, akajilamba bila kupenda, kisha akacheka, kisha akanywa. Alikunywa kama ndama. Mimi nilimeza mara mbili. Nikaziba.

Tukalifuata lile vumbi, mlima mgongoni sasa, mimi nimekibeba kibuyu kifuani na yeye amenishika nguo kwa nyuma.

Tulipofika kwenye waya wa kambi, wanaume walikuwa tayari ndani ya lori, wamechuchumaa. Injini inanguruma. Nilimjua mume wangu kwa masikio yake, kwa sababu uso ulikuwa umekwisha. Askari mmoja, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, alimtazama mama mkwe, akatazama miguu yake, akachukua kibuyu akampitishia mume wangu.

Mume wangu alikitikisa. Mtoto wa mama anajua uzito wa kibuyu cha mama.

"Ni nusu," akasema.

Nilikuwa nafungua mdomo niseme ni mimi. Mama mkwe akanisukuma kando.

"Nusu nimekunywa mimi! Ningekuletea kibuyu kimejaa, au ningekuja?"

Alikunywa huku anatutazama juu ya ukingo wa kibuyu. Akabakiza kidogo, akamrudishia askari. "Wapewe. Wana njia ya kurudi."

Lori likaondoka. Mama mkwe alisimama mpaka vumbi likalala. Kisha akanipa kile kibuyu, akanigeuza kwa mabega kama unavyomgeuza mtoto.

"Mlima ule pale mbele," akasema. "Leo unauona?"