Mwaka Niliofunga Lango

Watalii wanavuka bahari kuja kuchungulia kreta, lile shimo la volkano lenye wanyama. Mimi nimezaliwa nikiuona ukingo wake kila asubuhi isiyo na ukungu, na sijawahi kuingia. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuwaendesha hao watalii, alishachoka kunialika. "Wewe," huwa ananiambia, "hata Mungu akikuita utamwomba aje yeye kwako." Simbishii. Mimi ni mtu wa ndani. Nina cherehani yangu barazani nashona sare za shule, nina uzio wangu wa minyaa, nina redio. Nikitoka kwenda bombani kuchota maji najiona nimesafiri.

Kwa hiyo huu mwaka unaoisha, ulipoamua kuniweka ndani, ulikuwa kama umeniuliza kwanza ninachopenda.

Niliuanza nikiwa na tumbo. Tulilingoja miaka mingi, mpaka watu wa kijiji chetu cha Qurus walishaacha kuniuliza, na ukiona watu wa kwetu wameacha kuuliza ujue wamekata tamaa kabisa. Lilipoonekana, wote wakanibadilisha jina. Nikawa mama kijacho. Jirani yangu mwenye genge la mboga karibu na bomba, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, alikuwa akiniona anapiga kelele: "Pisheni, tumbo limefika! Mwenye tumbo yuko njiani, atafika jioni." Nami namjibu kwamba wivu utamkausha kuliko hizo nyanya zake. Tulikuwa hivyo. Siku nzuri tungeweza kuachia ndoo zikafurika tukiwa bado tunatukanana.

Uchungu ulinishika Februari, mume wangu yuko Ndutu. Huo ndio msimu wa nyumbu kuzaa, na wageni hulipa ndege kuja kumtazama ndama akianguka chini, akisimama, akikimbia. Mtandao wa simu kule unakuja na kuondoka unavyotaka. Basi siku ile yeye alikuwa amezima gari katikati ya nyika, anawaomba wageni wake wanyamaze, na mimi nilikuwa hospitalini Karatu, na chumba kizima kimenyamaza bila kuombwa na mtu.

Alikuwa wa kike. Hakulia.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Aayo, yaani mama kwa lugha yetu, ndiye aliyempokea na kumwosha. Wazee wakamzika mwishoni mwa shamba, penye mbaazi. Mume wangu alifika kesho yake ana vumbi hadi kwenye kope, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Siku ile hayo ndiyo maneno pekee tuliyosema.

Niliporudiwa na nguvu za kutembea hadi uani, nikafunga lango. Lango letu ni miti tu unayoipitisha kati ya nguzo mbili, na miaka yote huwa wazi. Lakini mbuzi wa yule yule jirani wa genge walikuwa wameshazoea kuingia kunilia sukuma wiki, na mimi sikuwa na nguvu ya kufukuza hata kuku. Nikapitisha miti, nikarudi kulala.

Hakuna aliyekuja.

Siku za kwanza nilishukuru. Baadaye nikaanza kusikiliza nyayo za watu njiani. Zinakuja, zinafika usawa wa lango, zinapunguza mwendo, zinaongeza mwendo. Wachungaji walianza kupitisha ng'ombe upande wa chini, kuzunguka shamba letu. Wateja wa sare walimpa Aayo vitambaa huko huko nje, naye akaniletea maelezo kwa mdomo: huyu anataka pindo refu, yule mtoto kanenepa. Na Aayo, mama mtu mzima ambaye magoti yake yanalia akiinama, akaanza kuchota maji yeye. Nikishika ndoo ananyang'anya. "Kaa," anasema. Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza.

Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua. Zamani kwetu Wairaqw kulikuwa na metimani. Nyumba ikipatwa na msiba wa aina fulani, hasa wa mtoto ambaye hakuwahi kulia, iliwekwa kando, mama wa mtoto kuliko wote. Hawachangii maji na watu, hawaombi moto, hawaingii ua wa mtu wala mtu haingii ua wao, mpaka wakati wake upite, ili balaa lisitembee. Kanisani tulishaambiwa mambo hayo yamekwisha, na tukaitikia amina kwa sauti. Ila kuna amina ya mdomoni na kuna miguu. Midomo ya watu wa Qurus imeokoka. Miguu yao bado inazunguka shamba.

Hakuna aliyelitamka hilo neno mbele yangu. Lingetamkwa ningebisha, na mimi kubisha najua. Utabishana vipi na watu wanaopita kimya? Nikajisemea: si ulikuwa unapenda nyumbani? Haya, kaa. Nikashona. Nilishona mashati mpaka nikawa nashona vifungo nilivyovishona jana. Kila nikisikia kicheko cha yule jirani kule bombani, na kinasikika mbali kama honi ya lori, nilikuwa najiuliza swali moja tu: hivi mimi nitarudi kuwa mtu kati ya watu, au ndiyo basi?

Katikati ya hayo nikatimiza miaka arobaini. Mume wangu akaleta keki kutoka loji, imebaki kwenye sherehe ya wageni, ina majina ya Wazungu wawili na mioyo miwili ya sukari. Tukala fungate ya watu, sisi watatu, kila mtu anatazama sahani yake. Mama mkwe alipokwenda kulala mume akasema, "Tupange chumba mjini. Karatu hakuna anayekujua."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?" akasema, halafu akasikia alichosema. Akatoka kwenda kuangalia matairi ya gari, ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Sikuhama. Yeye akaondoka na safari ya Serengeti, na mara hii hata meseji za "nimefika" zilichelewa.

Julai, baridi na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, nikasikia miti ya lango ikivutwa. Mama mmoja wa Kimasai akaingia, mrefu, shuka mbili na sweta la kiume juu yake, mkononi kidumu cha maziwa. Nilimjua kwa kusikia. Binti yake ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, amejifungua, na yeye ametoka Kakesio kuja kumtunza. Alikaa kwenye ngazi ya baraza bila kukaribishwa.

"Mama," akasema, "hiyo cherehani inafanya kazi au ni pambo?"

Mama. Tangu Februari hakuna aliyejua aniite nani. Mama kijacho limekufa, mama fulani halikuzaliwa, na nadhani wengine walinikwepa kwa sababu hiyo tu, hawana pa kuanzia salamu.

"Inafanya," nikasema.

"Basi nikunjie pindo hili, linaburuta, mbwa wa hapa wananidhani nina mkia." Akanitupia shuka. Halafu: "Nipe maji ninywe."

"Usinywe hapa. Nyumbani kwako kuna kichanga."

"Kwani maji yako yana nini?"

Wakati bado najikuna yeye alishainuka, akachota kwenye ndoo, akanywa, akapangusa mdomo. "Yana baridi," akasema. "Basi." Alipokaa tena akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mchele, "Wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole upande wa mbaazi. Akatazama huko muda, akatikisa kichwa. "Kwetu aliyekwenda hatumtaji sana," akasema. "Ila mama yake tunamtembelea. Hapa nimekaa wiki nzima naona watu wanatembelea mjukuu wangu tu, nikauliza, na yule? Wakasema yule hataki watu."

"Nani hataki watu?"

"Wewe. Wanasema umeshika mambo ya zamani, umefunga lango mwenyewe, na wao wanakuheshimu. Yule mwenye genge anasema alikuletea mayai, akakuta miti, akarudi nayo analia. Kelele yote ile, kumbe analia."

Sikumaliza pindo lile siku hiyo. Nilimngoja Aayo atoke bombani. Alikuja anapumua kwa taabu, akatua ndoo, akaona kikombe kimetumika.

"Mgeni amekunywa?"

"Amekunywa. Aayo, nani alisema nikae ndani?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina lake. "Si wewe? Ulifunga lango. Nikasema, huyu msomi wa kidato cha nne, kumbe anashika mila kuliko sisi. Mimi ni nani nimzuie?"

"Nilifunga kwa sababu ya mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi, Aayo. Wanakula sukuma wiki."

Alikaa chini, pale pale pembeni ya ndoo. "Nimebeba maji masika nzima," akasema polepole, "na magoti haya. Kwa ajili ya mbuzi."

Ningecheka kama ningeweza. Mwanawe naye, nilikuja kujua, alidhani ni amri ya mama yake, ndiyo maana alikuwa akiingiza gari, anashuka, anarudishia miti mmoja mmoja kwa adabu. Nyumba nzima ya watu wenye akili timamu, kila mmoja anamheshimu mwenzake mpaka basi. Na sitaapa kwamba ilikuwa mbuzi peke yao. Mtu anayefukuza mbuzi anafunga lango jioni, asubuhi analifungua. Mimi asubuhi zote zile nililiona limefungwa, nikaliacha.

Kuvuta miti ya lango ilikuwa rahisi. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi. Nilishika ndoo nikaiweka. Nikavaa kitenge nikakivua. Mama wa Kakesio alikuja akanikuta nazungukazunguka uani, akasema, "Ng'ombe anayeogopa josho tunamsukuma kwa nyuma. Nikusukume?" Nikaenda mwenyewe, kuepuka aibu.

Bombani walikuwa wengi. Waliponiona wakageukia ndoo zao. Bibi mmoja, ambaye siku zote kanisani anakaa mbele, akachukua dumu lake ambalo halijajaa hata nusu akaondoka. Sikumlaumu, ila niliona, na wote waliona kwamba nimeona. Nikasimama nyuma ya foleni. Nikafikiri: geuka, bado mapema.

Ndipo yule wa genge akatoka nyuma ya nyanya zake.

"Umenenepa," akasema.

"Wewe umekonda. Nilisema wivu utakukausha."

"Mwanamke huna aibu! Miezi yote hii umeniacha na hawa." Akawaonyesha wenzetu kwa mkono mzima. "Hawa hata kutukana hawajui. Umefunga lango lako kama benki!"

"Kwa sababu ya mbuzi wako! Wamemaliza sukuma wiki yangu!"

"Mbuzi wangu?" Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu. Akainama akashika ndoo yangu, akaipeleka mbele ya foleni bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyebisha. Akaijaza mpaka maji yakammwagikia miguuni.

Alinisindikiza mpaka nyumbani. Genge akaliacha wazi, na wezi wa nyanya tunao. Tukakaa jikoni, Aayo akiwa kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage. Nilitegemea pole. Nilikuwa nimeshajiandaa, maana watu wa hospitali walinipa pole, katekista alinipa pole, mume wangu aliniuliza kama nimekula. Jirani akasema taratibu:

"Alikuwaje?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikamwambia. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, zimelowa, zimelala upande mmoja kama za mtu aliyetoka saluni. Kwamba masikio ni ya baba yake, yale yale yanayoshika upepo. Kwamba vidole vilikuwa virefu, nikawaza hapo hapo kitandani, hivi ni vya kushona. Kwamba alikuwa mzito. Kwamba alikuwa bado na joto waliponipa. Maji ya ugali yalichemka yakapungua na hakuna aliyeinuka.

"Na kidevu," akasema Aayo kutoka mlangoni, bila kuinua macho kwenye maharage. "Nilimwosha mimi. Kidevu kilikuwa changu."

Tukageuka wote wawili kukitazama. Ni kidevu kirefu, kimechongoka.

"Hicho hicho, Aayo?" jirani akauliza. "Masikini mtoto wa watu."

Ungo ukaanza kutikisika mapajani mwa Aayo, maharage yanamwagika. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka, na muda mwingine kujua kwamba hacheki tu. Jirani akapiga magoti kuokota maharage, naye analia, nami nikapiga magoti upande wa pili, na tukaokota hivyo, vichwa vinagongana, wakati Aayo juu yetu anaendelea kusema: na mguu, mmeuona mguu wake, mguu ulikuwa wa nani ule.