Deki Moja, Vyumba Saba

Fundi Egesa wa Busia hakuwa mtu wa majivuno, isipokuwa kwa jambo moja. Ukimuuliza juu ya redio anayoitengeneza, angekujibu kwa maneno matatu bila kuinua macho. Ukiuliza habari za waya zake, tafuta mahali pa kukaa, maana hutaondoka upesi.

Ploti aliyoishi nyuma ya soko ilikuwa na vyumba saba, na kufikia mwaka wa 1996 kila chumba kilikuwa na televisheni, nyingi zikiwa mizoga aliyoifufua mwenyewe. Deki ya kuchezea kaseti za video ilikuwa moja tu, yake, juu ya meza ya karakana katika chumba cha mbele. Mwingine angewaita majirani waje wabanane mkekani. Egesa alichukua waya wa antena, akaupitisha juu ya dari, akaweka busta katikati ili picha isififie, akautawanya chumba hadi chumba. Kaseti ikiingia karakana, ploti nzima inaona. Hakumtoza mtu. Alichokipenda ni zile kelele za Jumapili baada ya kanisa, mama mmoja akiita kutoka mlangoni, "Fundi, rudisha kidogo, mtoto alikuwa analia!" na mwenzake akijibu, "Usirudishe, wewe endelea!"

Nyumbani kwao Rukala alijulikana kwa habari nyingine. Miaka mitano nyuma alikwenda na kaka yake Okwara hadi Osieko, kando ya ziwa, kununua samaki. Okwara akapanda mtumbwi na wavuvi, Egesa akabaki ufukoni. Upepo ukavuma. Mtumbwi ukapatikana umepinduka, na shati la Okwara limenasa kwenye wavu. Ni Egesa aliyelipeleka shati lile nyumbani, na habari yake. Mwili haukuonekana, basi wazee wakazika mgomba badala ya mtu, kama desturi inavyotaka, na Egesa akalia siku nne mpaka sauti ikakauka.

Baadaye wazee wakamwambia amchukue mjane wa kaka yake, Vivianne. Vivianne akawajibu kwamba yeye si ng'ombe wa kurithiwa. Kama Egesa anamtaka, aje amtongoze kama wanaume wengine. Egesa, na ule ububu wake wote, akatongoza mwaka mzima. Sasa walikuwa na binti aliyeanza kutembea, na hakuna kitu duniani alichokiogopa Egesa kuliko kumpoteza mwanamke yule.

Jumapili moja akaja Ikapel wa chumba cha nne, dereva wa lori, mpangaji mpya. Alikuwa ametoka Jinja, ng'ambo ya mpaka, kusimamia harusi ya rafiki yake wa kazi, na alibeba kaseti kama mtu aliyebeba mayai.

"Fundi, weka hii," alisema. "Leo mtaona vile nilikuwa nimevaa."

Egesa akaiweka. Hakuwahi kutazama kaseti kwanza, aliona ni kupoteza muda. Ikaanza: gari lenye maua, mabinti wa Kisoga wakipiga vigelegele, bibi harusi. Kisha bwana harusi akashuka, akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, vile Okwara alivyocheka tangu utotoni kwa sababu ya jino lililovunjika.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Za Okwara zilikuwa miaka mitano. Akanyoosha kidole kuzima, lakini kidole kikakosea, kikabonyeza kitufe cha kusimamisha picha. Sura ya kaka yake ikaganda pale, vyumba vyote saba.

"Fundi, imekwama!" akaita mtu.

"Na nilikuwa karibu kutokea!" akalalamika Ikapel, aliyemjua bwana harusi kwa jina la Moses tu, na mwenye deki kwa jina la Fundi.

Egesa alikimbia hadi chumba chake, cha mwisho. Vivianne alikuwa amesimama mbele ya televisheni, binti amemwegemea mguuni.

"Amenenepa," alisema.

Kisha akageuka. "Ulikuwa unajua?"

"Haki ya Mungu, Vivi, mimi sijui kitu."

"Shati ni nani alileta?"

"Ni mimi. Lakini ningejua, ningeweka hiyo kaseti?"

"Uliweka kabla hujaangalia. Wewe huwa huangalii." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilimtisha zaidi. "Rudi uiendeleshe mpaka mwisho. Nikimaliza kuona, nitajua kama naenda kwetu Marachi na mtoto ama nabaki."

Akarudi, akabonyeza. Ngoma zikalia, keki ikakatwa, kisha wazee wa bibi harusi wakamwuliza bwana harusi mbona amekuja bila ndugu hata mmoja. Okwara akashika kipaza sauti. Alisema kwa Kiswahili, na mtu akatafsiri kwa Kisoga.

"Wazee wangu, mimi nilikuwa na ndugu mmoja tu, anaitwa Egesa. Tulienda na yeye Osieko kununua samaki, maji ikamchukua. Nilitafuta mwili siku tatu. Nilipata shati peke yake."

Bibi mmoja mzee akajipangusa macho. Mwenye kuongoza sherehe akawaomba watu wote wasimame dakika moja, wamkumbuke marehemu. Wakasimama. Watu zaidi ya mia mbili, kofia mikononi, vichwa chini, na Ikapel mwenyewe mbele kabisa ndani ya suti yake ya kijivu. Kutoka chumba cha nne haikusikika hata pumzi.

Vivianne alikuja karakana na binti mgongoni. Akavuta kigoda, akaketi kando ya mumewe.

"Basi hukujua," alisema. "Hata wewe alikuua."

Egesa hakuondoa macho kwenye kioo, ambapo watu asiowajua walikuwa bado wamesimama kwa ajili yake. Yeye alimlilia kaka yake siku nne. Kifo chake mwenyewe hakujua kinaliliwaje.