Sweta la Friji

Friji iliyoacha kupoza ina harufu yake. Si uvundo, uvundo hauna haraka, huja baadaye. Ni harufu ya mpira wa mlango uliotoka jasho, ya maji ya barafu yaliyolala, na ya samaki aliyeanza kukumbuka kwamba amekufa. Harufu hiyo imenikaa puani kuliko ya kahawa ikianikwa nyumbani Mbinga, kuliko hata ya dagaa wa usipa juu ya vichanja vya ufukweni. Niliipata masika yale tulipoteremka kutoka milimani kuja kukaa Mbamba Bay, Mama alipohamishia huko biashara yake ya vitenge. Tuliteremka na vitanda, magunia ya mahindi, Bibi mzaa mama, na friji moja nyeupe ambayo Mama aliinunua kwa mtu baada ya kubishana naye tangu asubuhi hadi yule mtu akaomba maji ya kunywa.

Friji ile haikununuliwa kwa ajili ya soda. Bibi alikuwa na kisukari, na chupa zake za insulini zilikaa rafu ya kati, ndani ya kikopo cha plastiki. Muuguzi wa zahanati alikwishatuonya: dawa hii ikipata joto inakufa, na huwezi kuijua kwa macho. Akiba ile ilitoka hospitali ya Mbinga, na masika barabara ya kupanda huko ilikuwa tope tupu. Magari yalilala njiani. Kilichokuwa ndani ya kikopo ndicho kilichokuwapo. Nilizihesabu zile chupa, kisha nikazihesabu tena, maradhi niliyorithi kwa Mama, ambaye hata sisi watoto alituhesabu mara mbili kabla ya kufunga mlango.

Sasa, kwetu Umatengoni baridi ni mwenyeji, na kitu cha heshima hakikai uchi. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kofia. Friji ilipoingia nyumbani, Bibi aliifumia sweta. Lilikuwa la sufu ya buluu, lenye maua meupe kifuani, na liliizunguka yote, mbele kwa vifungo, nyuma kwa mfumo mzito, pakiachwa tundu la waya tu. Alilifuma wakati macho yake yameshaanza kufifia, akihesabu mishono kwa vidole. Kule Mbinga friji ilivaa sweta lake, ikaegemea ukuta, ikapoza bila kinyongo. Majirani wa ziwani walipoliona walicheka hadi wakakaa chini. "Wamatengo nyie," alisema mmoja, "mwaka kesho mtaivisha na soksi."

Kisha siku moja barafu ililegea. Siku iliyofuata maji ya kunywa yalikuwa vuguvugu, na ile harufu ikaja. Mama aliishughulikia friji kama alivyomshughulikia mteja mgumu, akimbana kona moja baada ya nyingine. Alichomeka pasi kwenye soketi ile ile. Ikapata moto, kwa hiyo umeme upo. Alifungua mlango, taa ikawaka. Alichana karatasi kwenye daftari langu la hesabu, akaibana mlangoni na kuivuta pande zote. Ikagoma kutoka, kwa hiyo mpira ni mzima. Akatoa samaki wa majirani, mbasa waliosheheni hadi mlangoni, maana mgeni wa kijiji hajui kukataa, akasema labda baridi imekosa pa kupita. Tukasubiri. Friji iliendelea kunguruma mchana kutwa bila kupumzika, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na ndani palibaki vile vile.

Akaitwa fundi. Alimwamkia Bibi, aliyekaa pembeni ya friji akifuma, akatega sikio mlangoni, akatikisa kichwa.

"Gesi imekwisha, Mama."

"Umeipima na nini?"

"Kwa uzoefu."

"Uzoefu hata mimi ninao, baba. Kila fundi mwenye mtungi wa gesi hukuta gesi imekwisha."

Fundi akacheka. "Wewe mama wa Mbinga, hata ukiugua utaomba upunguziwe homa."

"Nenda, nitakuita. Siongezi kitu kabla sijajua kilichopungua."

Kwa heshima ya Bibi, fundi hakuligusa lile sweta. Wala sisi. Mama alijaza mchanga mtungi mpana wa udongo, akaumwagia maji, akakifukia humo kile kikopo na kukiweka penye upepo. Hakuongea. Ndipo nilipojua kwamba anaogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona Mama akinyamaza mbele ya tatizo bila kulitajia bei.

Jioni Bibi alikuwa akisali rozari, ikamponyoka, ikadondokea nyuma ya friji. Mama akapenyeza mkono kati ya ukuta na sweta kuitafuta, akauchomoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Akaurudisha tena, taratibu, akauacha pale. Sufu ilikuwa inachoma. Joto lote ambalo friji ililitoa tumboni lilikosa pa kwenda. Milimani baridi ilitusamehe, ziwani hapakuwa na msamaha. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema nani atamwambia aliyeishona nguo. Mama alimtazama Bibi.

"Ni moto?" Bibi aliuliza.

"Ni moto, Mama."

Bibi akajishika ukutani, akainuka. "Nimeivisha mimi, nitaivua mimi." Akafungua vifungo kimoja kimoja, kwa kupapasa, akitukataza kumsaidia. Tulivuta friji mbali na ukuta, tukafuta vumbi kwenye mabomba ya nyuma. Kesho yake ilikuwa ikinguruma na kunyamaza, kunguruma na kunyamaza, kama inavyotakiwa, na chupa zikarudi rafuni. Muuguzi alimpima Bibi asubuhi kadhaa mfululizo huku Mama amesimama mlangoni, hadi aliposema sukari inaitikia dawa. Mama alikaa chini palepale kwenye ngazi ya zahanati.

Lile sweta Bibi alilifumua lote, akanifumia mimi. Mikono ilinipita vidole. "Utakua," alisema. Ziwani lilikuwa adhabu. Lakini niliporudishwa Mbinga kusoma, Bibi ameshazikwa, nililivaa kila asubuhi ya Juni.

Leo nauza friji za mitumba mjini Mbinga. Wateja wangu huuliza simu zao kwa nini friji haipozi, nazo hujibu kabla sijamaliza kukohoa: angalia umeme, angalia mpira, acha nafasi nyuma. Majibu sahihi, na bure, jambo linaloniumiza kibiashara. Juzi kijana mmoja alikuja kulalamika. Nikaenda kwake, nikakuta friji imefunikwa kitambaa kizito kilichofumwa kwa mkono, na bibi kizee yuko pembeni, amenyoosha shingo. Yule kijana akaninong'oneza, "Jibu ninalo tangu wiki iliyopita. Mwambie wewe." Nikavuta kigoda, lakini kabla ya kukaa nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi," nikasema. "Nani alikufundisha kufuma hivi?"