Jiwe kwenye Pindo la Kaniki

Tangu mumewe, fundi wa bunduki, apofuke, jirani yetu ndiye anayejifunza kuchonga mawe ya gumegume, yale yanayotoa cheche ya kuwasha baruti ya bunduki, maana ya dukani yameadimika tangu Wajerumani wajenge boma, na bila bunduki nguruwe wanamaliza mihogo. Hutandika ngozi pajani, hupiga, hunyonya kidole kilichokatwa, hupiga tena. Mumewe husikiliza. "Umepiga katikati. Piga ukingoni, taratibu." Kisha humshika mkono, akamwelekeza. Ni hivyo kila asubuhi. Jana jiwe lilitoa mlio mwembamba, kipande kikabanduka kizima, chenye makali. Alikitazama, akakifunga upesi kwenye pindo la kaniki. "Limevunjika tena, Baba Rehani." Mzee, ambaye hulijua jiwe zima na lililovunjika kwa mlio wake, alinyoosha mkono kuutafuta wa mkewe. "Basi, chukua jingine."