Kanda za Mwenye Nyumba

Mimi na mwenzangu tulipanga chumba kimoja Kisangani, mimi nikishona nguo, yeye akiuza samaki wakavu sokoni. Tulilala kitanda kimoja miaka yote ile na hakuna aliyetuuliza kitu. Mji mzima wanawake walibanana vitandani. Majirani walituita dada wawili, nasi tuliitika. Kwa kweli tulipendana, ila hatukuona haja ya kumsumbua mtu na habari hiyo.

Kisha mwenye nyumba akaleta mashine ya video. Kila Jumamosi, salongo, kazi ya lazima ya kufyeka na kusafisha mtaa, ilipokwisha, wanaume wa mtaa waliweka mapanga chini, wakajifungia sebuleni kwake na kushusha pazia. Walisema wanatazama mpira. Mpira gani usiopigiwa kelele? Cherehani yangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na wanaume wale hawakujua kunong'ona. Zilikuwa kanda chafu kutoka Ulaya, na waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wanawake wawili peke yao.

Hapo ndipo macho yao yalipotugeukia. Walianza kuniletea suruali zisizochanika nizishone, huku wakichungulia kitanda chetu. Walipokuta hakuna sinema, ila sisi tukigombana juu ya chumvi ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, walikasirika, wakagundua kwamba sisi ni aibu ya mtaa. Nyani haoni kundule. Mwenye nyumba akaitisha kikao uani, akasema tuhame kwa sababu tunafanya mambo ya uchafu. Niliogopa sana. Kwa sifa hiyo, nani mwingine angetupangisha?

Mke wake alikuwa akitwanga kando. Akaacha mchi.

"Bon, papa," akamwambia mumewe polepole, "mimi niko mwanamuke, na sijue hiyo mambo bamama wawili banafanyaka. Weye uliona wapi?"

Wake wengine wakawageukia waume zao. Mume mmoja akakohoa, mwingine akakumbuka kwamba ana safari. Mwenye nyumba akasema basi, huenda ni uvumi tu, tukae, lakini mbona kitanda ni kimoja?

Tukanunua cha pili, tukakiweka karibu na mlango ili kila mpita njia akione. Hakuna aliyewahi kukilalia. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, mwenzangu alilivuruga shuka lake, nami nilicheka, mpaka siku niliyomwona akilivuruga huku analia.