Mkono wa Baba Mkwe na Grainda ya Upepo

Grainda ya upepo haipigi mtu shoti, na kwa sababu hiyo watu huidharau. Sisi tuliinunua kwa ajili ya mvua. Hapa Ekero, jirani na Mumias, mawingu hujikusanya karibu kila alasiri, karakana yetu haina kuta za maana, na ile ya umeme ilikuwa imeshamrusha mume wangu akiwa amesimama kwenye maji. Ya upepo inataka kompresa ya kushindilia upepo, paipu na adabu.

Tunatengeneza matela ya kubebea miwa. Tulisoma darasa moja chuo cha ufundi, na kwenye kuchomelea nilimshinda, jambo ambalo mwenyewe hakatai. Kusaga maungio kwa grainda ilikuwa kazi yake. Kuitunza ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi sina haraka. Asubuhi nafungua koki chini ya tangi la kompresa maji yatoke, maana unyevu ukifika ndani ya grainda huleta kutu. Natia matone ya mafuta pale paipu inapoingilia. Nakagua diski kama ina ufa, nasoma kasi iliyoandikwa juu yake; isiwe chini ya ile ya grainda. Diski ikibadilishwa, paipu huchomolewa kwanza, na hilo sijadiliani na mtu.

Grainda hiyo ina mkono mrefu wa chuma ubavuni, unaoubana kwa kiganja ndipo izunguke. Juu yake kuna kifungo kidogo cha usalama, cha kusukumwa kwa kidole, ili mtu akiishika vibaya isiwake. Springi ya kifungo hicho ilikatika katikati ya msimu wa miwa. Nikasema grainda ipumzike mpaka springi ipatikane. Mume wangu akasema matela yanangojwa, akakifunga kifungo kwa kipande cha tyubu kikae wazi daima. Tukazozana, nikanuna, akaendelea na kazi.

Sasa baba yangu. Ni mkulima wa chai kule Shinyalu, mtu wa kanisa na wa taratibu. Mume wangu alianza kuishi nami kabla hajafika kwetu kujitambulisha, na baba hakulimeza hilo. Tulipokwenda kuomba radhi alinisalimia mimi, akampita mwenzangu kama anavyopita nguzo ya stima. Ikawa hivyo kila tulipokutana, matangani na harusini. Mume wangu hakulalamika, ila alianza kupata sababu za kutokwenda. Mimi iliniuma, tena sana. Niliona siku inakuja nitakapotakiwa kuchagua mmoja kati yao, na sikuwa tayari.

Ndipo baba akatoka mazishini Mumias, akashuka kwenye pikipiki mbele ya karakana bila taarifa. Mimi nilikuwa chini ya tela. Mume wangu alikuwa anasaga ukingo wa chuma, miwani usoni na masikio ameziba, hakumsikia. Baba akazunguka meza, akasimama mbele yake, akamnyooshea mkono.

"Mulembe," akasema, salamu yetu ya amani.

Mume wangu aliachia ule mkono wa grainda, lakini diski haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa muda. Utaratibu ni kungoja itulie, kuilaza mezani, kuchomoa paipu. Lakini mkono wa baba mkwe haungojeshwi, sembuse ulioadimika namna ile. Akahamishia grainda kushoto, akatoa mkono wa kulia. Na kwetu mtu mzima hapewi mkono mmoja mtupu. Unauegemeza kwa ule wa kushoto, ndiyo heshima. Mkono wake wa kushoto ukafanya kama ulivyofunzwa tangu utotoni, ukapanda kumshika mwenzake, nao umebeba grainda. Vidole vikakaza. Hapakuwa na kifungo cha kuvizuia. Upepo ukaingia, na diski ikapita juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia.

Niliichomoa paipu. Nilipogeuka, baba alikuwa hajauachia mkono aliosalimiwa nao. Alikuwa ameukamata vilevile, na kwa mkono wake wa pili amebana jeraha kwa koti lake la kanisani. Mteja mmoja alikuwa na pikapu, tukapanda. Baba alikaa nyuma na mgonjwa, mkono kwa mkono, mpaka hospitalini, akimwita mkwe wangu, mkwe wangu, usifunge macho. Nilisikia kila neno. Damu ilikuwa imetapakaa garini na mimi nilifurahi. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kano zilishonwa, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Springi niliitia mwenyewe. Siku hizi mimi ndiye ninayesaga na yeye ndiye mtunzaji, na ana kelele kuliko nilivyokuwa mimi. Mgeni akija tunamsalimia kwa mdomo kwanza, mikono baadaye, kila kitu kikiwa kimezimwa. Wapo wanaosema tuna maringo. Waseme.

Baadaye tulikuwa na matanga Shinyalu. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi hemani, na mume wangu akapita akiwasalimia kwa ule mkono wake usiofumba vizuri. Alipofika kwa baba alisita. Baba akamtolea mkono wa kushoto, naye akaupokea kwa wa kushoto, na vidole vyote vikafumba.

Kwetu mkono wa kushoto hapewi hata mtoto. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alimuuliza mbele ya watu kama uzee umemsahaulisha adabu, kumsalimu mkwe namna hiyo.

Baba hakugeuka, wala hakuuachia.

"Mkono ya kulia," akasema, "alishanipatia."